Mizani ya Ghala

Msimu wa korosho ukiisha, ghala hubaki na mwangwi,
na vumbi, na panya, na paka.
Meneja Likwata akasema, Jumatatu naweka sumu.
Nikasema, nipe mpaka Ijumaa ya pili.
Akacheka, akanipa.
Labda kwa kuwa funguo ninazo mimi.

Nikahesabu kama ninavyohesabu magunia:
kumi na sita, pamoja na jike la madoa
lililozaa mara mbili tangu masika,
na watoto wake wote nimewaokota mimi,
kwa koleo.
Wa kumi na saba ni shume, mweusi, sikio limechanika,
makazi yake juu ya kenchi.
Alinitazama kama mkaguzi kutoka makao makuu.

Mtego niliunda kwa kreti la soda
na waya wa banda la kuku.
Chambo, utumbo wa changu, niliuomba Feri.
Muuzaji akanong'ona: Mama Swaumu,
siku hizi ndiyo mboga?

Walinikwaruza. Mikono hii ilibangua korosho miaka tisa,
mafuta ya ganda yaliichubua zamani;
kucha zilitafuta pa kuanzia, hazikupaona.

Daktari Mchopa ni wa ng'ombe.
Alikuja na pikipiki kutoka Naliendele,
sanduku la dawa amelifunga nyuma kwa mpira.
Uzito? akauliza. Usingizi hufuata uzito;
ukizidisha, haamki.
Nikamwonyesha mizani,
ileile ambayo wakulima wa Nanyamba na Kitaya
huikodolea macho begani kwangu, wasiniamini.
Tukampandisha paka ndani ya gunia la katani.
Mshale haukusogea.

Mizani ya tani haimjui wa kilo mbili.

Basi Somoe akaleta ya gengeni, ya kupimia dagaa.
Kilo mbili na robo.
Tatu kasoro.
Kilo moja tu, huyu mtoto, mwacheni akue.

Madirishani watu.
Paka ana roho saba, mnafunga ya ngapi?
Mwingine: Mola kaumba, nyie mnashona!
Na jirani yangu, kwa sauti ya kutosha mtaa mzima:
umezaa wanne, mwenzio unamkatia hata wa sumni!

Sikumjibu.
Nilizaa wanne, na wa tano nikamzika,
kisha nikaenda Ligula mwenyewe, kwa miguu, nikafunga.
Naijua baridi ya ile meza.
Najua kisu kinapopita.

Jike la madoa lililala ulimi nje.
Daktari alipomaliza alimkata ncha ya sikio la kushoto,
kidogo, kama ninavyogonga mhuri kwenye stakabadhi:
huyu kapimwa, asipimwe tena.
Usiku nikakaa naye kwenye kanga yangu kuukuu.
Alipozinduka alitapika, akatetemeka,
akatafuta kitu ambacho hakipo.
Mimi nilipozinduka Ligula hapakuwa na mtu.
Nikamshika mguu.
Akaning'ata.
Sikuuachia.

Watoto sita wamepata kwao:
wawili kwa muuguzi, mmoja kwa fundi cherehani wa Chuno,
wawili Somoe, kwa sharti wasiguse dagaa
(sharti lilivunjwa alasiri hiyohiyo).
Wa sita aliondoka ndani ya boksi la viatu
chini ya kwapa la Meneja Likwata.
Ni wa mwanangu, alisema, akitazama kando.
Wakubwa wamerudi ghalani, masikio yamepungua,
na panya wanalijua hilo.

Ijumaa ya pili imepita. Sumu ingali kwenye droo yake.
Jana usiku shume alishuka,
akanusa kreti tupu, moja baada ya jingine,
akanusa kanga,
akapanda tena kwenye kenchi bila haraka.

Kwenye daftari nimeandika: kumi na sita.
Upungufu, mmoja.
Miaka yote upungufu ulininyima usingizi.
Huu nimeuandika kwa wino, nikafunga daftari.
Kesho alfajiri, Feri tena, kuomba utumbo.